Kilo zetu zinaandikwa namna gani ndani ya mashine?



Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya mnyauko wa migomba na mboji. Tunataka kuongea juu ya kitu ambacho wengi wenu mnakiona ni kazi ya vijana wa mjini: namna kilo zenu zinavyoandikwa ndani ya telefone na tableti. Somo ni refu kidogo, lakini msilipite, maana linagusa malipo.

Sababu ya kuliandika tuliipata kwenye koperative moja ya kahawa kando ya Ziwa Kivu, ambayo hatutaitaja jina. Kwa misimu miwili walikuwa wanapima kahawa mbivu na kuingiza kilo kwenye tableti. Tableti zilikuja na mradi, programu ilikuja na mradi, na kijana wa kuwafundisha alikuja na mradi. Wakaambiwa daftari sasa basi. Mradi ukaisha, kama miradi yote inavyoisha. Kahawa ikauzwa, mnunuzi akalipa, kamati ikakaa kugawa ile pesa ya nyongeza ya mwisho wa msimu, ambayo kila mtu anaipata kufuatana na kilo alizoleta. Hapo ndipo programu ilipokataa kufunguka. Ilidai neno la siri la huduma ambayo hakuna mtu aliyekuwa anailipia tena.

Wakatuita. Tulitafuta ndani ya tableti, tukakuta faili lenyewe lipo, na ni zito, maana yake kazi ya misimu miwili ilikuwa humo. Tukalinakili kwenye flashi na kulifungua kwenye kompyuta. Kioo kikajaa vijisanduku, alama za kuuliza na herufi zisizo na maana. Mhasibu akauliza: "Hii ni Kichina?" Watu wakacheka. Mama mmoja aliyesimama mlangoni hakucheka. Alisema: "Kilo yangu iko ndani ya hiyo?" Iko, mama. "Basi muitoe." Hatukuweza.

Kituo kimoja tu kililipwa bila kelele, kwa sababu karani wake, mzee mmoja mbishi, hakuacha kuandika kwenye daftari hata siku moja. Kwenye vituo vingine watu walileta vikaratasi vya mizani, vingine vimelowa, vingine vimeguguna na panya, na maneno yakawa mengi. Tuliona aibu, kwa sababu na sisi tulipoona zile tableti zinaingia tulipiga makofi. Hatukuuliza swali ambalo tunataka ninyi muulize: kilo zinaandikwa kwa namna gani, na nani anaweza kuzisoma?

Namna mbili za kuandika

Mashine haijui herufi. Inajua sifuri na moja tu. Sifuri na moja nane zikikaa pamoja zinafanya okteti moja, na okteti milioni moja ndiyo ile mega mnayonunua kwa Airtel, Vodacom au Orange. Okteti moja inaweza kubeba nambari kuanzia 0 hadi 255.

Namna ya kwanza ya kuandika ni ya maandishi. Kila alama unayoiona kwa macho inapewa nambari yake. Herufi A ni 65, tarakimu 7 ni 55, na kadhalika. Orodha hiyo ilitangazwa Marekani mwaka 1963 kwa jina la ASCII, na mwaka 1992 ikatengenezwa ile kubwa zaidi tunayotumia leo, UTF-8, inayobeba herufi za lugha zote pamoja na é na ç za Kifaransa. Kwa vile orodha inajulikana dunia nzima, kompyuta yoyote, hata ile ya zamani iliyobaki ofisini kwa parokia, itasoma faili la maandishi.

Namna ya pili inaitwa binari. Hapa mashine haiandiki alama za nambari. Inaandika nambari yenyewe, moja kwa moja, kwa okteti.

Tuchukue mfano. Kituo kimepokea kilo 1847 kwa siku. Kwa maandishi, 1847 ni alama nne, kwa hiyo okteti nne: 49, 56, 52, 55. Kwa binari zinatosha okteti mbili tu: 7 na 55. Namna ya kuhesabu ni hii: 7 mara 256 inatoa 1792, ongeza 55, unapata 1847. Umeokoa nusu ya nafasi, na mashine inafurahi kwa sababu nambari iko tayari kujumlishwa.

Sasa angalieni shida yake. Mtu asiyejua kwamba hizo ni okteti mbili za nambari moja akifungua faili kama maandishi, 7 ni alama isiyoonekana, na 55 ni tarakimu "7". Kilo 1847 zinaonekana kama 7. Mwingine anajua kwamba ni binari, lakini anasoma kuanzia upande mwingine, okteti ya 55 kwanza. Hilo si kosa la mjinga, kwa sababu kuna mashine zinazoandika hivi na mashine zinazoandika vile. Yeye atahesabu 55 mara 256, aongeze 7, apate kilo 14087. Faili ni lile lile, halikuguswa na mtu, lakini kilo zinatoka 7, 1847 au 14087 kulingana na anayesoma. Binari bila maelezo ya namna ya kuisoma ni kama gunia lenye alama ya mnunuzi: mwenye kujua alama ni yeye peke yake. Wazee wanaokumbuka kahawa ikivushwa usiku kwa mtumbwi kwenda Rwanda wanajua bei inakuwaje pale ambapo upande mmoja tu ndio unaojua hesabu.

Je, wanaotengeneza programu ni wabaya?

Hapana. Wana sababu zao, na nyingine ni nzuri.

Ya kwanza wanayoitaja ni nafasi. "Binari ni ndogo, itawaokolea mega." Tupige hesabu pamoja. Mstari mmoja wa upimaji kwa maandishi unaweza kuwa hivi:

2024-04-03;M0147;K02;42.5;1100

Yaani tarehe, nambari ya mwanachama, kituo, kilo, na bei ya kilo kwa franga (bei hii ni ya mfano tu, msije ofisini kutudai). Pamoja na alama za kumaliza mstari ni okteti 32. Kwa binari, mstari ule ule unaingia kwenye okteti 11. Koperative ya watu 1000, kila mmoja akileta kahawa mara 25 kwa msimu, ina mistari 25000. Kwa maandishi ni okteti 800000, haijafika mega moja. Kwa binari ni okteti 275000. Tofauti ya msimu mzima ni nusu ya mega, wakati picha moja ya jani lenye kutu mnayotutumia kwa WhatsApp, kabla haijapunguzwa, inakula mega mbili au zaidi. Tena faili la maandishi likifungwa kwa zipu linapungua sana, kwa sababu tarehe na bei zinajirudia rudia. Kwa hiyo mtu akikuambia anaficha kilo zako kwenye binari ili kukuokolea mega, mwambie apunguze picha kwanza.

Kuna mahali ambapo hoja ya nafasi ina nguvu. Kwenye vijiji ambako intaneti haifiki na kuna mtandao wa kupiga simu tu, programu zingine hutuma kilo kwa SMS. SMS moja ni okteti 140, ambazo kwa maandishi ya kawaida zinabanwa zikatosha herufi 160. Mistari yetu mitano inaingia, ya sita haina nafasi. Kwa binari inaingia 12. Pale kila SMS inalipiwa unite, hiyo ni faida ya kweli, na hatuwezi kumlaumu mtu aliyechagua binari kwa safari hiyo. Ila ni safari tu. Kilo zikifika Bukavu zigeuzwe maandishi.

Sababu ya pili ni mwendo. Tableti yenye wanachama 3000 inatakiwa kumpata mtu mara moja wakati foleni iko mbele ya mizani na mvua inakuja. Binari iliyopangwa vizuri inampata haraka na haimalizi betri. Hapo pia wana haki.

Binari ya wazi na binari iliyofungwa

Hili ndilo wengi wanalichanganya, na sisi pia tulilichanganya mwanzoni. Binari yenyewe haitoshi kuwa kosa. Swali ni kama namna ya kuisoma imetangazwa kwa watu wote.

Mfano mzuri ni SQLite. Ni binari, iko ndani ya kila telefone ya Android, na hata majina ya watu mnaowapigia simu yanahifadhiwa humo. Maelezo ya namna faili lake lilivyopangwa yako wazi, na kuna programu nyingi za bure za kulifungua. Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe inaipendekeza kwa kuhifadhi data kwa muda mrefu. Koperative ikiwa na faili la SQLite lisilo na kufuli, hata kampuni ikifa, mwanafunzi mmoja wa kompyuta atatoa kilo zote kwa mchana mmoja.

Excel nayo ina historia yake. Faili za zamani zenye mwisho wa .xls ni binari, na kwa miaka mingi maelezo yake hayakuwa wazi kwa kila mtu. Tangu Office ya 2007 ikaja .xlsx, ambayo kwa kweli ni mfuko wa zipu wenye faili za maandishi ndani. Mnaweza kujaribu: nakilini faili la .xlsx, badilisheni mwisho wa jina la nakala uwe .zip, mfungue. Mtakuta maandishi humo, marefu na ya kuchosha macho, lakini yanasomeka.

Kwa hiyo mkikuta faili msilolijua, msikate tamaa mara moja. Lifungueni kwa Bloc-notes na muangalie mwanzo kabisa wa mstari wa kwanza. Mkiona maneno "SQLite format 3", mna bahati. Mkiona "PK", ni zipu, pengine .xlsx. Mkiona "%PDF", ni karatasi ya kuchapa. Mkishaangalia, fungeni bila kuhifadhi chochote, kwa sababu Bloc-notes ikihifadhi juu ya binari inaiharibu. Fanyeni jaribio hili kwenye nakala kila mara. Kwenye ile koperative ya kando ya ziwa tulitafuta hizi alama zote, hakuna hata moja. Faili lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, na ufunguo haukuachwa.

KoboToolbox, ambayo wengi mmeiona mikononi mwa wadodosaji hapa Kivu ya Kusini, inafanya vizuri upande huu. Kila fomu uliyojaza kwenye telefone inakaa kama faili la maandishi la aina ya XML, na ukiwa kwenye kompyuta unaweza kutoa kazi yote kwa CSV au Excel. Tunaisifu kwa hilo, ingawa haikutengenezwa kwa ajili ya kupima kahawa kwa foleni, na kwa kazi hiyo inachosha.

Maandishi nayo yana mitego

Tusiwadanganye kwamba maandishi ni raha tupu. Malalamiko mengi yanayofika ofisini kwetu yanatoka kwenye faili za CSV, zile za maandishi zenye vitenganishi, kwa sababu kila mtu anaweza kuzifungua na kila mtu anaweza kuzivuruga.

Mtego wa kwanza ni mkato. Sisi tunaofuata Kifaransa tunaandika 42,5. Faili likitenganishwa kwa mkato, 42,5 inakatwa vipande viwili: kilo zinakuwa 42, na 5 inahamia kwenye bei. Ndiyo maana mfano wetu wa juu una nukta-mkato kati ya vipande na nukta ndani ya nambari. Chagueni namna moja, muiandike ukutani, vituo vyote vifuate.

Mtego wa pili ni Excel kujifanya inajua kuliko ninyi. Mwanachama nambari 0147 anakuwa 147. Simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri. Simu iliyoandikwa na 243 mbele, ambayo ina tarakimu 12, inaonekana kama 2,43E+11, na mtu akihifadhi CSV ikiwa hivyo, tarakimu zingine zimekwenda na hazirudi. Siku ya kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money ndipo mnagundua kwamba watu mia wana "simu" moja. Dawa yake ni kuweka herufi mbele ya nambari ya mwanachama, kama ile M0147, na kuiambia Excel kwamba safu ya simu ni maandishi kabla ya kuleta faili ndani.

Majina yenye é yakigeuka kuwa "DÃ©sirÃ©", msiyafute na kuyaandika upya moja moja kama alivyofanya katibu mmoja kwa siku tatu. Faili ni zima. Limeandikwa kwa UTF-8 na limefunguliwa kwa orodha nyingine ya herufi. Lifungueni tena kwa kuchagua UTF-8. Na tarehe, andikeni mwaka kwanza: 2024-04-03. Ukiandika 03/04/2024, hapa tutasoma tarehe tatu mwezi wa nne, lakini programu ya Kimarekani itasoma tarehe nne mwezi wa tatu, na kilo za mwanzo wa msimu zitachanganyika na za katikati.

Ila tuseme hili la kuyatetea maandishi: makosa yote hayo yanaonekana. Mama Prezida akipewa karatasi anaweza kuweka kidole na kusema hapa pamekosewa. Kwenye binari kosa linalala kimya mpaka siku ya malipo. Na umeme ukikatika, au mtandao ukidondoka katikati ya kutuma, faili la maandishi lililokatika linapoteza mistari ya mwisho, ya juu inabaki. Faili la binari au la zipu likikatika, mara nyingi halifunguki kabisa.

Shamba lako likihamia Algeria

Wenye kahawa na kakao wameshasikia juu ya sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 2023/1115. Inadai kwamba kahawa inayoingia Ulaya isitoke kwenye shamba lililokatiwa msitu baada ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2020, na kwamba mnunuzi aonyeshe shamba liko wapi. Tarehe ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameshaanza kudai orodha. Shamba la hekta 4 au chini linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja. Linalozidi hekta 4 linatakiwa kuzungushwa mpaka wote. Wengi wetu kwenye milima hii tuko chini sana ya hapo, basi nukta inatosha. Nukta iwe na tarakimu sita baada ya nukta ya desimali.

Mfumo wa Ulaya unapokea orodha hiyo kwa faili la maandishi linaloitwa GeoJSON. Nukta moja inaonekana hivi:

{"type":"Point","coordinates":[28.861234,-2.512345]}

Hizo ni nambari za Bukavu mjini, si za shamba la mtu. Ya kwanza, 28.86, inaonyesha umbali kuelekea mashariki. Ya pili, -2.51, inasema tuko kusini ya ikweta. Telefone nyingi zinaonyesha kinyume: kusini kwanza, mashariki baadaye. Kijana akinakili kama alivyoona, mashine inasoma digrii 28 kaskazini na digrii 2 magharibi, na shamba lako linaangukia jangwani Algeria. Akisahau ile alama ya kutoa, kahawa yako inaruka hadi kaskazini ya nchi, Haut-Uélé. Hakuna mnunuzi atakayeamini kahawa ya Sahara.

Tarakimu sita nazo si madaha. Ya sita ni kama sentimita 11 ardhini. Excel ikibakiza mbili tu, 28.86, hatua moja ni karibu kilomita moja na mita mia moja. Kijiji kizima kinakaa kwenye nukta moja, na mkaguzi ataona kwamba watu 60 wanalima mti mmoja wa kahawa.

Tunawaeleza haya kwa sababu mtu yeyote wa kamati anaweza kuyakagua bila kujua kompyuta. Fungua faili kwa Bloc-notes. Kwenye kila mstari, nambari za ndani ya mabano zianze na 27, 28 au 29, kisha mkato, kisha alama ya kutoa na 1, 2, 3 au 4. Kivu ya Kusini karibu yote iko ndani ya hapo. Mstari usiofanana, uweke alama, umrudie mwenye shamba. Kazi hii tuliifanya na wakina mama wanne kwa asubuhi moja, wawili kati yao hawakuwahi kushika kompyuta. Orodha ingekuwa binari iliyofungwa, tungeendelea kumsubiri fundi.

Kutosomeka si kufuli

Kuna ndugu aliyetuambia: "Afadhali ile isiyosomeka, wezi hawataisoma." Tunaelewa hofu yake. Orodha yenye majina, vijiji, simu na pesa ambazo kila mtu atapokea ni kitu cha hatari kwenye barabara zetu. Flashi kama hiyo ikianguka mikononi mwa watu wasio wema, wanajua waende nyumba gani na siku gani. Lakini binari hailindi. Anayejua kazi atafungua binari ya wazi kwa dakika chache, wakati wewe mwenye kilo hutaweza.

Ulinzi ni kufunga kwa neno la siri. Faili la maandishi lifungwe ndani ya zipu yenye neno la siri imara, na neno hilo likae kwa watu wawili wa kamati, kila mmoja kwenye karatasi nyumbani kwake, pasipo kuandikwa juu ya flashi (tumeona!). Orodha inayosafiri ibebe nambari za wanachama tu, M0147, M0148, na orodha ya majina ibaki ofisini.

Kabla ya kusaini

Mtu akija na programu, iwe ya bure au ya kulipia, mpokeeni vizuri, mpeni kiti, kisha mwambieni mbele ya kamati yote: toa kilo za wiki iliyopita uziweke kwenye flashi. Chukueni flashi hiyo mkaifungue kwenye kompyuta nyingine ambayo haina programu yake. Mstari usomeke: tarehe, mwanachama, kituo, kilo, bei. Ikisomeka, endeleeni na mazungumzo. Akisema hilo litakuja kwenye toleo lijalo, mwambieni na ninyi mtasaini kwenye toleo lijalo. Muulizeni pia mtafanyaje siku mradi ukiisha, na nani atabaki na neno la siri. Jibu liandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili au Kifaransa, pamoja na sentensi inayosema data ni mali ya koperative.

Ndani ya tableti aache aandike anavyotaka. Binari ya wazi, kama SQLite, sisi hatuna neno nayo, ni nzuri kwa kazi ya foleni. Lakini kila Ijumaa ya msimu toeni nakala ya CSV, mbili, kwenye flashi mbili zinazolala nyumba mbili tofauti. Mwisho wa mwezi chapeni jumla ya kila mwanachama na muibandike kituoni, nambari na kilo bila majina, ili kila mtu aangalie zake na kulalamika mapema wakati karani bado anakumbuka. Karatasi haihitaji umeme, na kwa hilo yule mzee mbishi wa daftari alikuwa mbele yetu sote.

Ile koperative ya kando ya ziwa sasa inafanya hivyo. Msimu uliofuata walibaki na tableti mbili nzima, wakaweka programu nyingine inayotoa CSV, na mzee amepewa kazi ya kulinganisha CSV na daftari kila Jumamosi. Amekwisha kukamata makosa ya nukta mara kadhaa, na anayasimulia kwa kila mgeni. Zile kilo za zamani hatujazipata. Flashi yenye lile faili iko ndani ya sanduku la pesa, pamoja na mhuri wa koperative, na mama wa mlangoni akipita ofisini bado anaiulizia.